Mlima Tunaounywa

Mwezi wa Oktoba mwaka 2022 mabomba ya mtaa wetu hapa Buguruni yalikauka. Kukauka kwa bomba si jambo geni kwetu. Sisi tuliokulia Buguruni tumezoea kuamka saa nane za usiku kukinga maji, na kila nyumba ina ndoo zake, madumu yake na pipa lake la akiba. Lakini safari hii ulikuwa mgao wa mji mzima. Mto Ruvu ulikuwa umepungua, kama ulivyopungua mwaka uliotangulia, na wakubwa walitangaza redioni zamu za kila eneo. Dumu la lita 20 nilinunua kwa muuza maji wa mkokoteni kwa shilingi 500, nayo yalikuwa maji ya kisima, yenye chumvi, ambayo sabuni haitoi povu.

Tukiwa kwenye foleni ya madumu, kijana mmoja wa jirani aliniuliza, "Mzee, hivi maji yetu hasa yanatoka wapi?" Nikamwambia, Ruvu. "Na Ruvu inatoka wapi?" Nikamwambia, milima ya Uluguru. Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Uluguru si ndiko zinakotoka kabichi?" Watu wakacheka. Nami nikacheka. Nikamjibu kwamba ni huko huko.

Niliporudi nyumbani na dumu langu, kicheko kile kilikuwa kimekwisha kunitoka. Niliona kwamba kijana yule alikuwa ameutathmini mlima mzima kwa namna anayoijua yeye, yaani kwa kabichi inayoshushwa Kariakoo alfajiri. Nikajiuliza, je, mimi niliyemcheka niliwahi kuutathmini kwa namna iliyo bora zaidi? Katika kurasa hizi nataka kusimulia jinsi watu mbalimbali, kwa nyakati mbalimbali, walivyoupimia mlima ule thamani, na jinsi mimi mwenyewe nilivyopimwa nao.

Kwanza nieleze uhusiano wangu na Uluguru. Marehemu baba yangu alikuwa Mzaramo, na mimi nilizaliwa mwaka 1950. Mama yangu alikuwa Mluguru wa Matombo, upande wa mashariki wa mlima, ule unaotazama bahari. Kwa desturi ya Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Kwa hiyo, ingawa nimeishi Buguruni karibu maisha yangu yote, kule Matombo mimi si mgeni. Ukoo wao huitwa lukolo, na tawi la ukoo huitwa tombo, maana yake titi. Yaani watu walionyonya titi moja. Jina la Matombo lenyewe limetokana na majabali mawili yaliyosimama mfano wa matiti ya mwanamke. Mama alikuwa akinieleza jambo hili bila haya yoyote. Kwake mlima ulikuwa mama wa watu, na hakuona sababu ya kuzungukazunguka katika maneno.

Basi hiyo ndiyo tathmini ya kwanza ninayoijua, na ndiyo ya zamani kuliko zote. Ardhi ilikuwa ya ukoo, na mkubwa wa ukoo ndiye aliyeigawa. Palikuwa na vichaka vya msitu vilivyoachwa bila kuguswa kwa sababu ndimo walimozikwa wazee, na ndimo watu walimokwenda kutambika mvua ilipokataa. Kule Kinole jina la Kingalu lilivuka mipaka ya Uluguru kwa sababu ya mvua. Mtu hakuuliza mlima una thamani gani, kama vile mtu asivyouliza mama yake anauzwaje.

Wajerumani walikuja na vipimo vyao. Msomi wao Franz Stuhlmann alipanda Uluguru mwaka 1894, akakusanya majani na kuandika habari za nchi. Mwaka 1909 serikali yao ikaweka mipaka na kuufanya msitu wa juu kuwa hifadhi. Walihesabu mbao, na walifahamu pia kwamba msitu ukiondoka maji nayo huondoka. Katika hilo hawakukosea. Lakini kuanzia siku ile msitu ulipata mwenyewe mwingine, na mtu aliyekuwa akiingia kwenye kaburi la babu yake aliweza kuitwa mwizi.

Haikupita miaka 10 mlima ukapimwa kwa namna nyingine kabisa, nayo ni ya vita. Mwezi Agosti 1916 jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts liliingia Morogoro. Wajerumani wa Lettow-Vorbeck wakarudi nyuma kwa kuuzunguka mlima mpaka upande wa Kisaki, na majeshi yakakaa yakitazamana kwenye mto Mgeta mpaka Januari 1917. Kwa makamanda mlima ulikuwa kizuizi na mahali pa kujificha. Kwa wapagazi waliobeba risasi na unga ulikuwa matope, homa na njaa. Wapagazi wa vita ile walikufa kwa maelfu, wengi zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na mahali kilipopiga kambi hapa Dar es Salaam ndipo panapoitwa Kariakoo mpaka leo. Nasi twenda Kariakoo kununua karoti na njegere za Mgeta, tukilitamka jina la wapagazi na kula mazao ya mto walikofia, wala hatuukumbuki mto wala wapagazi.

Baada ya vita Waingereza nao walipima, na kipimo chao kikubwa kilikuwa udongo. Waliona mashamba yaliyolimwa kwenye mteremko mkali, na mito iliyogeuka rangi ya chai wakati wa masika, wakasema mlima unakwisha. Mwishoni mwa miaka ya 1940 wakaanzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye mashamba yao na kuacha kuchoma majani, na asiyefuata alitozwa faini. Kwa upande wa Mgeta, ambako watu walikwisha kuanza kulima mboga za kuuza, ngazi hizo zilikuwa na faida, na nyingi zipo hata sasa. Lakini upande wa mashariki udongo mzuri ni wa juu tu na ni mwembamba. Kuchimba ngazi kulimaanisha kuufukia udongo mzuri na kuupandisha juu ule usiozaa. Watu walifanya kazi ya jasho ili wavune kidogo kuliko zamani.

Mwezi Julai 1955 Matombo iliwaka moto. Watu walikusanyika kukataa ngazi, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akauawa. Mpango ukafa pamoja naye, na chama cha TANU, kilichokuwa na mwaka mmoja tu tangu kuzaliwa, kikapata masikio mengi mlimani. Mjomba wangu alikuwa kijana wakati huo, naye alichimba ngazi hizo. Alikuwa akinisimulia hivi: "Yule Mzungu hakuwa mjinga, mjomba. Alilolisema kuhusu udongo lilikuwa kweli. Ila alitujia kama mtu anayemwamrisha mwenye nyumba kufagia, naye mwenye nyumba ameshika ufagio."

Mimi wakati huo nilikuwa mtoto wa miaka 5 hapa Buguruni. Mji ulikuwa ukikua, na visima na mto Mzinga havikutosha tena. Mwaka 1959 ukajengwa mtambo wa Ruvu Juu, karibu na Mlandizi, na mwaka 1976 ukafuatia wa Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo. Kuanzia hapo sisi tukawa wanyonyaji rasmi wa mlima ule. Mitambo hiyo miwili imekwisha kupanuliwa, ikawa na uwezo wa kutoa lita milioni 196 na milioni 270 kwa siku, na sehemu kubwa ya maji ya mji hutoka huko. Mto wenyewe hukusanya mikono yake Uluguru: Mfizigo, Mvuha, Mgeta, na Ngerengere inayopitia Morogoro. Mawingu ya bahari yetu hii hupanda nchi kavu, hugonga ubavu wa mashariki wa mlima, na hunyesha. Msitu hupokea, hunyonya, kisha huachilia kidogo kidogo, hata miezi isiyo na mvua. Kwa kweli maji tunayokunywa Buguruni ni ya bahari yetu wenyewe, ila yamekwenda kuhiji Uluguru na kurudi bila chumvi.

Kazi hiyo ya msitu ilionekana wazi tarehe 23 Februari 1970, kule Mgeta. Kwa muda wa saa 3 hivi ilinyesha mvua ya milimita kama 100, na mlima ukamomonyoka kwa mamia ya maporomoko. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uppsala, Sweden, waliyapima. Waligundua kwamba karibu yote yalitokea kwenye mashamba na majani. Yaliyotokea penye miti hayakufika hata 1 katika 100. Sidhani kama kuna hesabu iliyo nyepesi kueleweka kuliko hiyo.

Wakati huo huo wasomi wa viumbe walikuwa na daftari lao. Uluguru ni moja kati ya milima ya Tao la Mashariki, mlolongo unaoanzia Taita nchini Kenya na kushuka mpaka Udzungwa na Mahenge. Misitu yake imejitenga kwa mamilioni ya miaka, na ndani yake vimo viumbe visivyopatikana popote pengine duniani. Mwaka 1926 Arthur Loveridge alipata huko ndege mmoja mwenye kofia nyeusi na tumbo la manjano, ambaye mwaka uliofuata aliingizwa katika vitabu kwa jina la Malaconotus alius. Ndege huyo ni wa Uluguru tu. Msitu wa Uluguru ukikatwa, hana kwa kukimbilia.

Sasa nifike kwenye sehemu yangu. Mwaka 2006 nilikuwa karani katika ofisi moja ya serikali, nikiwa likizo, nikaombwa nifuatane na watu wa mradi mmoja waliokwenda Uluguru kutathmini kile walichokiita thamani ya mandhari. Walitaka mtu ajuaye Kiluguru. Walikuwa vijana wema na wachapakazi. Walikuwa na ramani iliyogawanywa vipande, na fomu ambayo kila kipande kilipewa alama kuanzia 1 hadi 5: alama za maji, za viumbe, za mila, za utalii, na alama za uzuri wa kutazama. Mwisho wa fomu palikuwa na swali hili: wewe kama mkazi, uko tayari kulipa kiasi gani kwa mwaka ili msitu huu ubaki?

Tulimkuta mjomba wangu kibarazani akimenya mihogo. Tukaamkiana, tukapewa vigoda, nikaanza kumsomea. Tulipofika kwenye uzuri wa kutazama alicheka. "Mjomba," alisema, "anayeutazama mlima ni yule aliye mbali nao. Mimi nikiwa hapa nawatazama ninyi." Akanyoosha kisu kuelekea mashariki, ambako nchi tambarare ilikuwa ikipotelea katika ukungu. Nilimtafsiria kijana wa mradi, naye akakaa akiizungusha kalamu, kisha akaandika 3.

Nilipomsomea swali la mwisho hakucheka. Aliweka kisu chini. "Fomu yenu yaniuliza mimi nitalipa nini ili msitu ubaki. Mimi nililipa kwa kuchimba ngazi. Nalipa kwa shamba ambalo siruhusiwi kulima. Nalipa kwa nguruwe na nyani wanaotoka humo na kula mahindi. Je, wale wanaokunywa, mmewauliza wao watalipa nini?" Kisha akanigeukia. "Wewe, mjomba, wa Buguruni. Unalipa nini?"

Nilianza kumweleza habari za bili ya maji. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hiyo ni ya bomba." Sikuwa na la kuongeza. Katika fomu yake tuliandika kwamba hakuwa tayari kulipa.

Jioni ile, wenzangu walipokwisha kwenda kulala, alinipeleka kwenye sehemu ya ukoo, chini kidogo ya mpaka wa hifadhi. Palikuwa na chemchemi ndogo, na juu yake mikangazi 3 mikubwa ambayo mama alikuwa akinitajia tangu utotoni. Mjomba aliniambia kwamba mnunuzi wa mbao alikuwa amekuja. Ukoo ulikuwa na binti aliyefaulu kwenda sekondari, na ada haikuwapo. "Nyinyi mnajua hesabu," alisema. "Niambie, hii miti ni alama ngapi?"

Nilimjibu bila kufikiri sana kwamba ada ya binti nitailipa mimi, na miti iachwe. Aliniangalia kwa muda, akanishika mkono, na mambo yakawa yamekwisha. Hatukuandikiana.

Katika miaka ile ile Uluguru palifanyika jambo kubwa linalofanana na hilo langu dogo. Mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango ambao watumiaji wa maji wa chini walichangia malipo kwa wakulima wa juu, katika bonde la Mfizigo, ili watunze ardhi. DAWASCO, iliyokuwa ikiendesha maji ya Dar es Salaam wakati huo, ilikuwa mmoja wa wachangiaji, pamoja na kampuni ya Coca-Cola Kwanza. Wakulima walipanda miti mashambani, na walichimba matuta ya ngazi. Nilipomweleza mjomba alipiga makofi. Ngazi zile zile ambazo mwaka 1955 zilimwaga damu, sasa watu walizichimba kwa hiari, kwa sababu safari hii waliulizwa kwanza, wakaonyeshwa namna ya kuzirutubisha kwa samadi, na wakalipwa. Kwa bahati mbaya mpango ulikuwa wa miaka michache, ukaisha kama miradi inavyoisha. Mwaka 2008 misitu ya Uluguru Kaskazini, Kusini na Bunduki iliunganishwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia, yenye zaidi ya hekta 24,000. Ni jambo jema. Lakini mpaka ni mstari tu, na mstari haulipi ada ya mtu.

Nami sikuwa bora kuliko mradi. Nililipa ada ya kidato cha kwanza, cha pili na cha tatu. Mwaka 2010 nilistaafu, nikawa na nyumba ya kupaua na mgonjwa wa kuuguza, na fedha ya kidato cha nne sikuipeleka. Sikuandika barua ya kuomba radhi. Nilijiambia nitapeleka mwezi ujao, kisha mwezi ujao, mpaka mitihani ikafanywa. Baadaye nilisikia kwamba binti alifanya mitihani yake bila kukosa, na kwamba mkangazi mmoja ulianguka. Mjomba hakuwahi kunilaumu. Alifariki mwaka 2013, na siku ya mazishi nililiona gogo lile, pana kama meza ya watu 6, limeanza kuota uyoga.

Nimefikiri sana juu ya gogo lile. Wajerumani, Waingereza, wasomi na watu wa mradi, kila mmoja alipima kitu cha kweli: mbao, udongo, ndege, maji, uzuri. Sina hoja ya kuwakosoa katika vipimo vyao. Kosa lililorudiwa, nalo ndilo nililolirudia mimi mwenyewe niliye wa ukoo, ni la kupima kwanza na kulipa baadaye, tena kulipa kwa muda ule tu mkono unapokuwa mwepesi. Mlima hautoi maji kwa vipindi vya bajeti. Hutoa kila siku, na wale walio kando yake huambiwa wajizuie kila siku. Thamani isiyolipwa kila siku inabaki kuwa sifa tu, na waswahili wamekwisha kusema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini kizuri kinachonywewa bure hakijiuzi wala hakijitembezi, hukauka kimya kimya.

Kule Kidunda, ambako mto umekwisha kuacha mlima, bwawa kubwa lilianza kujengwa mwaka 2023 ili kuhifadhi maji ya masika kwa ajili ya kiangazi. Nafurahi, maana nimechoka kuamka saa nane za usiku. Hata hivyo bwawa ni mtungi, na mtungi haujijazi.

Mwaka ule ule wa 2023 nilikwenda Matombo. Mikangazi miwili ipo. Chemchemi ipo, ingawa ni nyembamba kuliko nilivyoikumbuka, au labda mimi ndiye niliyeikumbuka kwa ukubwa wa utoto. Binti yule sasa ni mwalimu wa shule ya msingi na ndiye anayetunza sehemu ile kwa niaba ya ukoo. Nilimkabidhi bahasha, nikamwambia ni ada ya kidato cha nne. Aliihesabu mbele yangu, kama inavyopasa, akasema, "Ahsante, mjomba. Imechelewa, lakini imefika. Na ya mwaka huu?"

Nikaingiza mkono mfukoni tena.